Pikipiki rahisi ya China na swali la vipuri mjini Kigali

Tangu mwezi wa Januari, 2025, mji wa Kigali hausajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kuchukua abiria. Pikipiki ya abiria inayoingia barabarani kwa mara ya kwanza sharti iwe ya umeme. Agizo hilo halikumtaja mtu anayenunua pikipiki kwa matumizi yake binafsi, na yamkini ndiyo sababu watu wa aina hiyo hawakulitilia maanani. Sisi tunaona linawahusu sana. Na miongoni mwao, anayehusika kuliko wote ni mgeni kutoka nchi jirani, aliyekwenda Kigali kufanya kazi, ambaye amevutiwa na pikipiki rahisi iliyotengenezwa China, ile ndefu ya njia mbovu iitwayo enduro, akadhani kwamba akishalipa bei yake mambo yamekwisha.

Wageni hao wapo. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai, 2010. Tokea hapo walimu, wahasibu, mafundi wa majengo na wafanyabiashara wa Tanzania, Kenya na Uganda wamepata njia nyepesi kuliko ya zamani ya kwenda kuishi Kigali. Kiswahili nacho kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini humo mwaka 2017. Mjini kwenyewe mgeni hana shida ya usafiri. Akisimama kando ya barabara na kuinua mkono, moto, kama wenyeji waiitavyo, itafika upesi, na dereva atamkabidhi kofia ngumu kabla hajaketi. Shida huanza pale kazi inapomtoa nje ya lami. Barabara kuu za Rwanda ni nzuri, lakini ukiziacha unakutana na udongo mwekundu unaopanda na kushuka vilima bila kupumzika, na katika majira ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, udongo huo huteleza kama mlenda.

Hapo ndipo enduro inapopendeza. Gurudumu lake la mbele ni kubwa, mara nyingi la inchi 21. Shokomzoba zake ni ndefu. Na injini imeinuliwa juu ya mawe na matope. Zamani pikipiki za aina hii zilikuwa za Kijapani, Yamaha DT au Honda XL, nazo zilijulikana kuwa mali ya misheni, ya mabwana shamba na ya mashirika ya misaada. Raia wa kawaida alizitazama zikipita. Leo viwanda vya China vinauza pikipiki yenye umbo hilohilo kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Mjapani. Kwamba mtu wa mshahara wa kawaida aweza kumiliki chombo kilichokuwa cha wakubwa ni jambo jema, wala sisi hatumo katika kundi la wale wanaokibeza kila kitu kilichotoka China hali jikoni mwao hamna sufuria isiyotoka huko. Hata hivyo, ni haki ya mnunuzi kuuliza: ile tofauti ya bei imekwenda wapi?

Sehemu moja ya jibu haina aibu yoyote. Injini nyingi za pikipiki hizo ni za ukoo wa Honda CG125, pikipiki iliyotolewa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi zetu zinazoendelea. Wahandisi wa Honda walikuwa wameona kwamba katika nchi hizo oili haibadilishwi kwa wakati na vumbi haliishi, na injini zao za kifahari zilikuwa zikifa mapema. Wakarudi kwenye muundo wa kizamani, ule wa fimbo ndefu zinazosukuma valvu kutoka chini, ambao hauna makuu na hustahimili uzembe. Muundo huo ukaenea China. Huko Chongqing, viwanda vya silaha vya serikali kama Jialing vilipotakiwa, mwishoni mwa miaka ya 1970, vitengeneze pia bidhaa za raia, viligeukia pikipiki. Katika miaka ya 1990 yakafuata makampuni ya watu binafsi, Lifan na Zongshen yakiwa mashuhuri. Vipimo vya sehemu vikawa vya namna moja, hata kiwanda kimoja cha kabureta kikawa kinauzia makampuni mengi yenye majina mbalimbali. Bei iliposhuka kwa njia hiyo, ilishuka kwa halali.

Sehemu ya pili ya jibu ni chungu, na imeonekana wazi zaidi huko Vietnam. Mnamo mwaka 2000 na 2001 pikipiki za China zilifurika katika nchi hiyo, zikiuzwa kwa bei ambayo Honda haikuweza hata kuikaribia. Kisha makampuni ya China yakaanza kushindana yenyewe kwa yenyewe. Kila aliyepunguza bei alipunguza na kitu ndani ya chombo, kitu ambacho mnunuzi asingekiona dukani: unene wa chuma, ugumu wa meno ya gia, grisi ndani ya beringi. Januari, 2002, Honda ikatoa pikipiki yake ya Wave Alpha kwa bei iliyoshushwa mno, baadhi ya sehemu zake zikiwa zimenunuliwa hukohuko China, na serikali ya Vietnam nayo ikabana uingizaji wa vipuri. Haikupita miaka mingi soko likawa limerudi mikononi mwa Wajapani. Wananchi wa Vietnam hawakurudi kwa Honda kwa mapenzi. Walirudi kwa kuwa walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya matengenezo.

Kwa hiyo tunaponena juu ya enduro rahisi ya China, ni vema kuitazama kama chombo ambacho kiwanda hakikukimaliza. Injini kwa kawaida ni nzima. Kazi iliyobaki iko pembeni mwake, nayo ameachiwa mnunuzi aifanye kwa fedha zake na kwa jasho lake. Watu huiita kazi hiyo kuboresha pikipiki. Sisi tungependa iitwe kwa jina lake: ni saa za kazi za kiwanda zilizohamishiwa uani kwa mteja.

Kazi yenyewe inajulikana na kila fundi mwaminifu. Kabla pikipiki haijakwenda mbali, bolti na nati zote hufunguliwa moja moja na kukazwa upya kwa kipimo. Beringi za usukani, za magurudumu na za mkono wa nyuma hutolewa, kwa kuwa mara nyingi hukutwa kavu au na grisi ya kupaka juujuu, zikajazwa grisi ya kweli. Oili ya kwanza humwagwa mapema, katika kilometa 300 hadi 500 za mwanzo, nayo hutoka ikimetameta vumbi la chuma. Jambo hilo ni muhimu katika injini za ukoo wa CG kwa sababu hazina chujio la karatasi. Zina wavu mdogo na kikombe kinachozunguka, na oili yote ni kama lita moja tu, ndiyo ilainishe kila kitu. Mwanya wa valvu hupimwa injini ikiwa baridi. Ni mwanya mwembamba, chini ya moja ya kumi ya milimita, na ukiachwa uzibe, valvu huungua na pikipiki ikakataa kuwaka siku ya mvua, mbali na nyumbani.

Baada ya hapo ndipo fedha inapotoka. Cheni na sproketi za kiwandani huchakaa haraka, na cheni ikikatika kwenye mteremko yaweza kufunga gurudumu la nyuma. Tairi zinazokuja na pikipiki nyingi ni ngumu kama mbao na hazishiki lami iliyolowa. Spoki hulegea katika wiki za mwanzo zisipokazwa kwa zamu, na rimu ikapinda. Breki, ambayo ndiyo ingekuwa ya kwanza kushughulikiwa, huachwa ya mwisho na vijana wengi. Twasema bila kuficha kwamba katika mji wa vilima kama Kigali, mtu anayenunua ekzosi ya kelele kabla hajabadilisha pedi za breki amekosa mtu wa kumkanya. Mwendo wenyewe hauna faida. Barabara kuu zina kamera za kupima mwendo ambazo wenyeji wamezibandika jina la Sofia, na Sofia hana urafiki na mtu.

Kuna jambo ambalo mgeni aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa aghalabu halijui. Kigali iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya pwani. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli ileile katika hewa iliyopungua, plagi ikajaa masizi meusi, injini ikakohoa kwenye mlima na petroli ikaisha upesi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi ndani ya kabureta, kipande cha shaba kisichozidi ukucha kwa ukubwa. Akielekea magharibi kuvuka msitu wa Nyungwe, ambako barabara inapanda hadi karibu meta 2,500, hata jeti iliyofaa Kigali huanza kulalamika. Jeti si jambo la starehe tena, kwa maana mwaka 2025 Rwanda ilianza upimaji wa lazima wa moshi wa vyombo vya moto, na kabureta iliyokaa vibaya humshtaki mwenyewe mbele ya mashine.

Mgeni huyo atahitaji fundi. Mtaa wa Gatsata, kaskazini ya Nyabugogo, umejaa gereji, nako Kiswahili kinasikika. Lakini lugha ya vyuma ina historia yake. Mtanzania anasema breki, mwenyeji anasema feri; Mtanzania anasema tairi, mwenyeji anasema ipine; na plagi huombwa kwa jina la Kifaransa, bougie. Ni maneno machache na hujifunzwa kwa siku mbili. Mazoea huchelewa zaidi. Rwanda huendesha kulia, nasi kushoto. Kwa kuwa usukani wa pikipiki uko katikati, mtu hudhani hakuna cha kubadili, kumbe tangu utoto amezoea kushuka upande wa kushoto, ambao kwao ni ukingoni mwa barabara. Kigali, upande huo ndio magari yanakopita.

Sasa turudi kwenye agizo la Januari, 2025, maana ndipo palipo na uzito wa habari hii. Pikipiki ya mtu binafsi, popote Afrika Mashariki, huishi kwa hisani ya pikipiki ya abiria. Duka la vipuri halifunguliwi kwa ajili ya mwalimu mmoja mwenye pikipiki moja. Hufunguliwa kwa ajili ya maelfu ya madereva wanaokata cheni na kumaliza pedi kila baada ya muda mfupi, naye mwalimu hununua kandokando yao. Kijana hajifunzi kazi ya kabureta kwa kuwasubiri wageni; hujifunza kwa sababu kuna foleni ya pikipiki za abiria mlangoni. Foleni hiyo ya petroli, kwa Kigali, imewekewa mwisho, ingawa itapungua polepole kadiri pikipiki za zamani zinavyochakaa.

Isitoshe, hata foleni hiyo haikuwa ya Wachina. Pikipiki za abiria za Kigali kwa miaka mingi zimekuwa hasa za Kihindi, TVS na Bajaj, na rafu za maduka zimejaa vipuri vyake. Oili ni moja, na cheni yaweza kupatana, lakini tairi ya inchi 21 haimo katika moto yoyote ya abiria, wala pistoni ya TVS haiingii katika silinda ya CG. Mgeni aliyetoka Tanzania, ambako amezoea kuona Sanlg na Fekon kila kijiji, anaweza kushangaa kwamba kipuri kinachouzwa hata kwenye kibanda huko kwao, hapa hutafutwa mji mzima.

Tumaini lake liko mahali asipotazama. Katika miji ya Rwanda zinapita pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo, saruji, maji na viazi, na wenyeji huziita zote Lifan bila kujali zimetoka kiwanda gani, kama sisi tunavyoziita Toyo. Nyingi kati ya hizo zina injini za ukoo uleule wa CG. Maadamu agizo la mwaka 2025 lilihusu abiria, punda hao wa mizigo bado wana haja ya pistoni, klachi na kabureta, na anayewahudumia ana maarifa ambayo enduro ya China inayahitaji. Mnunuzi mwenye busara atafute fundi wa Lifan kabla ya fundi wa moto.

Wapo wanaosema vipuri vitaagizwa kutoka nchi jirani. Ni kweli, na shehena nyingi za Rwanda hupita bandari ya Dar es Salaam na kuingia kwa Rusumo. Lakini tusijidanganye juu ya mipaka. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari, 2019, ukafunguliwa mwisho wa Januari, 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari, 2024. Mfanyabiashara aliyekuwa akipitisha maboksi ya klachi hapo hakuulizwa. Na penye mpaka wazi kuna jambo la sheria: pikipiki iliyotengenezwa China haigeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa kulipiwa ushuru Tanzania. Ikivuka Rusumo ili ibaki Rwanda, forodha ya Rwanda inayo haki yake pia. Soko tunaloliita la pamoja ni la pamoja kwa mtu na kwa kilichozalishwa ndani ya Jumuiya. Kwa chombo alichokinunua mtu huyo kutoka ng'ambo, bado ni nchi mbili.

Haitakuwa haki kumaliza bila kuitazama pikipiki ya umeme yenyewe, kwani wengine watamwambia mgeni aachane na petroli kabisa. Rais Paul Kagame alitangaza nia hiyo Agosti, 2019, na mwaka huohuo kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha pikipiki za umeme kibiashara mjini Kigali. Mwaka 2021 serikali ikaziondolea kodi. Dereva hafungi siku kusubiri umeme. Anafika kituoni, anatoa betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, anaondoka. Kwa dereva wa abiria wa mjini sisi tunaiona mipango hiyo kuwa ya manufaa: moshi umepungua mahali watoto wanapopita kwenda shule, na petroli, ambayo Rwanda huiagiza yote kutoka nje, inaokolewa.

Kwa anayekwenda nje ya lami hesabu ni tofauti. Vituo vya kubadilisha betri vimefuata wateja, nao wateja wako mjini. Pia betri inayobadilishwa hivyo si mali ya dereva, ni ya kampuni, na ikiharibika haifunguliwi chini ya mwembe kwa spana namba 10. Wala hatujaepuka China: Ampersand imepatana na BYD, kampuni ya Kichina, juu ya seli za betri zake. Kilichobadilika ni mahali ujuzi unapokaa. Kabureta ya CG ilimruhusu kijana wa darasa la saba kuielewa mashine nzima kwa kuifungua na kuifunga. Betri ya lithiamu inataka mafunzo, vyombo vya kupimia na ruhusa ya mwenye mali. Vyuo vya ufundi vya Rwanda na vya kwetu vitapaswa kuwaamulia mapema vijana wa Gatsata na wenzao wa Kariakoo kama watakuwa mafundi wa pikipiki hizi, au wabebaji tu wa betri kutoka rafu hadi rafu. Serikali iliyoweka tarehe ya kuzuia petroli inaweza vilevile kuweka tarehe ya darasa la kwanza.

Wakati hayo yakisubiriwa, yule mgeni amesimama dukani, na enduro jekundu linang'aa mbele yake. Muuzaji ataeleza habari za nguvu na rangi. Amwombe kwa adabu amwekee juu ya meza, siku hiyohiyo, kebo ya klachi, pedi za breki za mbele, tyubu ya inchi 21 na jeti mbili za namba ndogo kuliko ile iliyomo. Akiambiwa vitakuja, aulize vitapitia mpaka gani.